Shangazi Hukaa Upande wa Juu

Jumanne, 1 Machi 1983

Leo Askofu ameinua mguu. Askofu ni trakta yetu ndogo. Baba aliipa jina hilo kwa sababu hukohoa sana kabla ya kusema. Kwenye shamba letu la mlimani, njia ya Marabo, gurudumu la upande wa juu liliacha ardhi, likazunguka hewani, kisha likarudi chini taratibu kama mtu aliyebadili nia.

Jioni Baba akasema kuna mtu wa Bambu anayekuja Jumatatu kumwangalia Askofu. Kama mteremko utakuwa haujalimwa, Baba atamuuzia. Nami nitakwenda kusimama dukani kwa Baba mdogo Katsuva, sokoni.

Dukani! Watu nisiowajua wataniuliza mambo, nami nitapaswa kujibu! Nimemaliza shule bila kuinua mkono hata mara moja. Nilijibu ndiyo, Baba. Kisha nikaenda kukaa karibu na Askofu. Kwake naweza kusema lolote. Hageuki kuniangalia.

Lazima abaki.

Jumatano, 2 Machi

Fizikia! Uzito ukiwekwa upande wa mlima, kitu hakibinukii bondeni. Nikafunga gunia la mawe juu ya gurudumu la upande wa mlima. Askofu akapita vizuri sana. Mstari mmoja.

Mwisho wa mstari akageuka kurudi, na upande wa juu ukawa wa chini. Hilo sikuliwaza. Akainama kama bibi anayetafuta sindano. Tukafungua gunia, tukalifunga upande wa pili. Kila mstari hivyo hivyo. Hadi mchana kuku wangekuwa wamechimbua zaidi yetu.

Binamu Athanase ndiye dereva. Huvaa miwani ya jua hata ndani ya nyumba. Anataka trakta iuzwe, Baba anunue pikapu. Akaniambia: “Trakta iko inaomba mwanaume, haiombe hesabu.” Jibu zuri lilinijia jioni nikiosha masufuria.

Ninahitaji uzito unaohama wenyewe. Uzito wenye miguu.

Ijumaa, 4 Machi

Shangazi Bernadette, dada ya Baba, amekuja kwetu Saio kusalimia. Aliingia mlangoni kwa ubavu, kama kawaida yake. Nikajua.

Sikuthubutu kumwambia. Nilimweleza Baba, Baba akamweleza yeye, mimi nimejificha jikoni. Halafu nikasikia: “Weye mutoto! Masomo yote ile, na matunda yake ni kunipima miye?”

Nilitaka kufa. Lakini baadaye akauliza kama atawekewa mto wa kukalia.

Nampenda shangazi.

Jumamosi, 5 Machi

Asubuhi: ushindi! Shangazi alikaa kwenye bati la juu ya gurudumu, mto chini yake, akiimba nyimbo za kanisa. Mwisho wa kila mstari Athanase alisimamisha. Shangazi akashuka, akazunguka mbele ya Askofu bila haraka, akakaa upande wa pili. Gurudumu halikuinuka hata kidogo. Athanase alifuta miwani yake. Nilicheka ndani ya kitenge.

Alasiri: Hippolyte.

Hippolyte ni mume wa binti ya shangazi. Alikuwa anakuja kumsalimia Baba, kwa baiskeli, kuku amefungwa mbele. Kwetu mama mkwe na mkwe wake hawaonani uso kwa uso. Hata mtoto mdogo anajua. Mimi pia najua! Ila kwenye hesabu sikumweka.

Shangazi akajifunika kichwa, akaruka, akalala nyuma ya kichuguu. Askofu, aliyebaki bila shangazi, akawaza kidogo, kisha akalala ubavu. Athanase alikuwa amesharuka. Kilichovunjika ni miwani tu.

Maskini Hippolyte alitaka kusaidia, lakini hakuweza kusogea. Akasimama mbali, ametugeuzia mgongo, akipaza sauti kuuliza habari za nyumbani, na kama kuna aliyekufa. Nyuma ya kichuguu shangazi akanituma nimjibu kwamba yeye hayupo.

Jumapili, 6 Machi

Baada ya ibada majirani walikuja kumwinua Askofu. Katekista alinung'unika. Baba akamkumbusha kwamba hata ng'ombe akitumbukia kisimani huopolewa siku ya Bwana. Katekista akavua koti.

Waliondoa magurudumu makubwa ili awe mwepesi, wakamsimamisha kwa kriki ya kuinulia gari na magogo. Athanase, bila miwani na kwa hasira, akayarudisha kinyume: upande wa ndani ukawa nje. Sasa yamechomoza pande zote mbili kama masikio. Watu walimcheka sana. Mimi pia, kidogo. Giza likaingia kabla ya kuyageuza.

Sipati usingizi. Nikifumba macho naona kaunta ya duka.

Jumatatu, 7 Machi

Mawingu mazito. Baba alisema hakuna wakati wa kugeuza magurudumu, tulime hivyo hivyo. Shangazi alikuwa na kiuno kibaya, hakuja. Nilifumba macho.

Askofu akapita! Akaenda, akarudi, mguu haukuinuka. Mtu wa Bambu alipofika, mteremko ulikuwa umelimwa wote. Baba akamwomba radhi kwa safari yake ya bure, akamlisha kuku wa Hippolyte.

Kisha akaja akasimama karibu nami. “Magurudumu imetanuka,” akasema. “Askofu anasimama sasa kama muzee mwenye alikula akashiba.” Nikauliza, polepole, habari za duka. Akasema Katsuva atafute mwingine. “Weye ukienda, nani atawaza mambo ya Askofu?”

Nikaenda kukaa karibu na Askofu. Safari hii si kwa haya.

Athanase anatangaza mtaani kwamba aliyageuza makusudi.

Jumanne, 8 Machi

Wote wanasema ni magurudumu. Nimechunguza jambo hili kwa utulivu. Si magurudumu. Jumamosi shangazi alizunguka shamba lile mara nyingi, akaushindilia udongo. Hesabu yangu ilikuwa sahihi tangu mwanzo. Kosa ni la Hippolyte.

Wiki ijayo Baba atalima kipande cha juu, chenye mteremko mkali zaidi. Nimekwisha kujiandaa: mwavuli mkubwa. Mkwe akitokea, shangazi haruki, anajificha nyuma ya mwavuli palepale alipokaa. Nimemtuma Baba. Shangazi ameuliza utakuwa wa rangi gani.

Kule juu kuna upepo. Huo sikuuweka kwenye hesabu, kwa sababu mwavuli ni kitu chepesi sana.