Njia ya Wapagazi wa Tinde

Jumanne, 8 Julai 2025
Justa, jirani yangu hapa Kambarage, picha zake zimekubaliwa kwenye maonyesho ya sanaa. Mimi kuchora siwezi. Ila nimesoma kwamba kutembea nako ni sanaa. Miguu ninayo! Nimewaambia kamati ya maonyesho nitatembea njia ya kale ya wapagazi, kule Tinde. Wakauliza naijuaje. Nikasema babu alinionyesha. Babu hakuwahi kufika Tinde.

Jumatano, 9 Julai
Tinde. Njia yoyote ingefaa. Nikaona moja imezibwa kwa miiba, nzuri sana. Nikaiondoa miiba, nikatembea hadi kwenye kichuguu, nikapiga picha nyayo zangu. Wakati wa kurudi, saa sita mchana, nyayo za viatu vyangu hazikuwa peke yazo. Juu yazo zilipita za miguu mitupu, nyingi, mstari mmoja. Wachungaji, nadhani. Ng'ombe sikuwaona.

Alhamisi, 10 Julai
Nimerudi kupiga picha zaidi, safari hii za kujipiga mwenyewe nikitembea. Pembeni ya njia alikuwa analima bibi mmoja, Mama Mageni. Nikampa shikamoo. Akaitikia, kisha akauliza mbona wenzangu hawasalimii. Nikasema niko peke yangu. Akatazama nyuma yangu kwa muda.

“Basi huyo wa mwisho mwambie apumzike,” akasema. “Mzigo umemzidi.”

Sikugeuka. Akaeleza kuwa wazee waliiziba njia ile kwa sababu waliofia humo na mizigo bado hawajafika. Akaniomba niirudishe miiba. Nikaahidi. Nikaondoka haraka. Nikisimama, vishindo nyuma vinasimama. Mwishowe nikatoka njiani, nikajibanza nyuma ya kichuguu. Upepo haukuwepo. Vumbi likanipita, hatua kwa hatua, na harufu ya jasho. Kisha likasimama, kama linaningoja.

Miiba sikurudisha. Ingeharibu picha.

Ijumaa, 11 Julai
Kamati wamefurahi mno! Justa akaiangalia picha moja, akauliza ni akina nani wale waliojitwisha mizigo nyuma yangu. Nikasema wasanii wenzangu, wamejitolea. Akanirudishia picha akiwa ameigeuza uso chini. Wivu huo.

Jumamosi, 12 Julai
Shingo inauma tangu alfajiri, kama nimebeba gunia. Mlangoni kuna vumbi jeupe. Nimefagia mara tatu. Nelly wa kamati anasema Ushirombo kuna njia ambayo watu huizunguka mbali, hata mchana. Nimemwomba anielekeze. Jumatatu naondoka.