Maisha Endelevu Kuanza Ijumaa

Wakazi wote wa Ipuli walitangaziwa kwa kipaza sauti kwamba maisha endelevu yangeanza rasmi Ijumaa saa nne asubuhi, kwenye maonyesho ya sekondari ya kata, na kwamba kabla ya hapo mtu asiyaanze kiholela.

Tangazo liliandaliwa na Kaimu Afisa Mazingira, Wenceslaus Ngollo, mtu makini kupita kiasi. Alikuwa amekaimu miaka mingi mpaka wanawe wakadhani Kaimu ni jina la ukoo. Ijumaa hiyo, mgeni rasmi akiridhika, angethibitishwa. Kwa hiyo hakutaka mzaha. Mti wa mjohoro wa getini aliagiza ukatwe, maana ulikuwa unaziba bango la TUTUNZE MITI YETU.

Asubuhi alikagua miradi ya wanafunzi. Apolinaria wa kidato cha tatu alikuwa na kapu lililoshindiliwa pumba za mpunga na vitenge vikuukuu, na katikati yake sufuria ya maharage aliyoyachemsha kidogo tu nyumbani. Alimwamkia Ngollo, akaitikiwa kwa kidole kilichoelekezwa kwenye kapu.

"Moto uko wapi?"

"Hauhitajiki, mzee. Joto likifungiwa humu, maharage yanajimalizia yenyewe. Kuni za nyumbani zimepungua nusu."

"Yenyewe? Bila msimamizi?"

Ngollo alishtuka kwa dhati. Akaeleza kwamba kitu kinachojiendesha hakimo kwenye mwongozo, akalifunga kapu kwa utepe wa kamati na kuamuru lisiguswe na yeyote mpaka shughuli iishe. Apolinaria, ambaye mama yake alikuwa ameacha palizi ili aje kumwona akieleza mradi wake, alikaa kando ya kapu lake. Iliuma.

Mgeni rasmi alifika saa nane, yaani kwa wakati. Gari lake lilipochungulia, Ngollo aliona moshi wa pilau ukipanda nyuma ya bango la hewa safi. Akawaamuru wapishi wamwagie moto maji. Mchele ulikuwa haujaiva, na nyama ndiyo kwanza ilikuwa inatafakari.

Ikafuata hotuba juu ya kubana matumizi, ambayo yenyewe haikubanwa hata kidogo. Ndipo pilau likaletwa meza kuu. Kwa kuwa hakuna anayekula kabla ya mgeni rasmi, uwanja mzima ulikuwa kimya alipotafuna, na uwanja mzima ukasikia.

Apolinaria akainuka, akauchana utepe. Mvuke ukapanda. Maharage yalikuwa laini, ya moto, na mgeni rasmi akala, akaongeza.

"Nani amesimamia hili?"

Ngollo alikuwa ameshasimama. "Mimi, mheshimiwa. Kwa karibu sana."

"Binti, alifanya nini hasa?"

"Alikataza lisiguswe, mheshimiwa, halafu akaondoka. Ndivyo inavyotakiwa. Hata hotuba yako imesaidia, maana maharage haya yanataka saa nyingi ambazo hakuna kinachofanyika."

Watu walicheka mpaka mwenyekiti wa kamati akaamka. Mgeni rasmi alifuta mdomo, akatafakari kama kiongozi, kisha akaagiza teknolojia hiyo ianze Jumatatu katika ofisi ya mazingira: Ngollo akae nyumbani, mlango ufungwe, ionekane kama kazi zitaiva.

Makofi yalipotulia, mama yake Apolinaria alinyoosha mkono kwa adabu.

"Na ofisi yako, mheshimiwa, tutaifunika lini?"