Njia Zangu za Kumchelewesha Dzifa

Jumatatu, 10 Juni

Habari mbaya. Mfumo mpya unaenda vizuri.

Asubuhi Madam Agyeiwaa, mwenye kampuni, alitukusanya ghalani katikati ya marobota ya vitenge. Akatangaza kwamba Ijumaa ya wiki ijayo mfumo wa zamani unazimwa. Mauzo, ghala, wateja, mishahara, vyote vitakuwa vimehamia kwenye mfumo mmoja mpya. Watu wakapiga makofi. Nami nikapiga, nisije nikaonekana.

Kwa sababu mfumo ukiwashwa tu, Dzifa anarudi Accra.

Dzifa Agbeko ndiye aliyetumwa na wenye mfumo aje Kumasi kutuhamishia taarifa zetu. Meza yake inatazamana na yangu tangu mwezi wa tatu. Huvua viatu chini ya meza akidhani hakuna anayeona. Mstari wa kijani ukitembea kwenye skrini, huimba kidogo puani, nyimbo za kwao Keta. Ukikwama, hunyamaza. Sijui nimwambie nani kwamba nampenda. Basi naiambia shajara.

Kumwambia mwenyewe? Hata! Mimi Nsafoah, msimamizi wa taarifa za wateja, mtu mzima na heshima zangu, nisimame pale niumeume maneno? Mwenye akili hasemi, hupanga. Uhamisho ukichelewa, Dzifa anabaki. Hesabu ya darasa la pili hiyo.

Ebo Quansah wa uhasibu amempelekea chai tena. Mtu wa Cape Coast yule. Marashi yake hutangulia, yeye hufuata.

Jumanne, 11 Juni

Nimepata!

Dzifa alituonyesha kitu kipya ambacho wakubwa zake wanajivunia. Mfumo wenyewe unawatafuta wateja walioandikwa mara mbili, kisha unawaunganisha kuwa mteja mmoja. Kizuri sana, kwa nchi ambayo kila mtu ana jina lake. Hapa kwetu mtoto huitwa kwa siku aliyozaliwa. Simama Kejetia uite Ama, robo ya soko itakuitikia.

Skrini ikamtoa Ama Serwaa, Ama Serwaa, Ama Serwaa, mpaka chini. Dzifa akakunja uso. Akasema hata kwao Keta akina Ama wamejaa, je, hawa kweli ni mtu mmoja? Akaniuliza mimi, mwenye taarifa za wateja, na akaniangalia machoni. Nilimwambia ni mtu mmoja. Tajiri mkubwa, ana vibanda kila kona ya soko, hana mfano. Akasema, "Haya, kaka Nsafoah, mimi nakuamini wewe." Nikabofya mwenyewe.

Sasa wanawake wote wale ni mwanamke mmoja. Kosa likigundulika, kazi itaanza upya. Wiki tatu, labda nne! Neno lile la kuniamini limenikwama kooni kidogo. Nimelishushia maji.

Jumatano, 12 Juni

Nimekula wa chuya.

Hakuna aliyeniambia kwamba mfumo huu hutuma ujumbe wenyewe. Jana usiku umempongeza Ama Serwaa kwa kuwa mteja wetu mkubwa kuliko wote. Umempongeza kwenye kila simu yake. Asubuhi wote walikuwa getini, wamevaa vizuri, wamekuja kuchukua zawadi.

Mbele yao Maame Panin, kiongozi wa wauza vitenge, ambaye naye ni Ama Serwaa. Alitaka kujua zawadi iko wapi na hawa wengine wamefuata nini. Hao wengine wakamuuliza yeye amefuata nini. Mmoja akasema kama ni ukubwa wa mwili, basi ampishe Maame Panin, ila kama ni wa biashara wakae chini wahesabiane. Nilijificha nyuma ya marobota. Ndani ya moyo nilikuwa nacheza. Fujo kama hii huchukua mwezi kuisha!

Haikufika alasiri. Dzifa aliwaletea viti, akawaomba radhi, akawaeleza kilichotokea. Wakacheka mpaka wakafungua vitambaa vya kichwa. Kisha wakaanza kumsaidia. Huyu Ama Serwaa ni yule wa mapacha, kibanda cha kona. Huyu alihamia Abidjan na mume wa pili. Huyo bado mmemwandika, na alishafariki, nyie hamsikii aibu kumdai marehemu? Wakamaliza akina Ama, wakaingia akina Akosua bila kuombwa, halafu wakamaliza soko zima. Kazi iliyokuwa itufikishe wiki ijayo imekwisha.

Kwa kuwa ni mimi niliyebofya, Madam amedhani nilikusudia, akanisifu mbele ya watu kwa ubunifu wa kuwaita wateja waje wenyewe. Dzifa amenishika mkono hapa, juu ya kiwiko. Akasema popote alipofanya kazi hajaona mtu akiwaza jambo kama hilo. Nilifurahi na kuumia kwa pamoja. Sijaosha mkono.

Maame Panin, wakati wa kutoka, aliniangalia mimi, akamwangalia Dzifa, akanirudia mimi. "Wewe mtoto, unamtazama mwenzio kama mbuzi aliyefungwa karibu na mihogo. Si useme?" Alisema kwa sauti ya sokoni. Nimeomba Mungu Dzifa awe hakusikia.

Ijumaa, 14 Juni

Mbinu ya pili. Safari hii haina tundu.

Jaribio kubwa la kuhamisha kila kitu lilipangwa Jumatatu. Nimemshauri Madam lifanyike kesho, Jumamosi, ofisi nzima iwepo. Akasema kama nasema mimi, sawa. Sifa za Jumatano bado zinafanya kazi.

Madam amekulia London, husahau mambo. Kesho ni mazishi ya Wofa Adomako, mjomba wa nusu ya ghala na jirani wa nusu nyingine. Mjini Kumasi, nani ataacha mazishi Jumamosi akae na kompyuta? Ofisi itakuwa tupu. Jaribio litakosa watu, litaahirishwa, na wakuu wa Accra wataambiwa kwamba Kumasi bado. Dzifa atabaki mpaka mvua ziishe.

Jumamosi, 15 Juni

Nimeandika haya nikiwa bado na kitenge cheusi begani.

Mimi pia nilipaswa kwenda. Wofa Adomako ndiye aliyenitafutia kazi. Nilipowaza mbinu nilijisahau mwenyewe! Nikakaa chini ya turubai tangu asubuhi, ngoma zinalia, wazee wanasalimiwa kuanzia kulia, mimi nawaza chumba kile chenye meza mbili. Je, ameshavua viatu? Anaimba au amenyamaza? Shangazi mmoja aliona macho yangu yamelowa. Akasema kweli huyu alimpenda marehemu, akaniongezea supu.

Ebo hana mjomba Kumasi. Ebo alibaki ofisini naye. Aliponipigia simu jioni nilidhani ananieleza msiba wa jaribio. Kumbe furaha. Inaelekea kinachochelewesha uhamisho siku zote ni sisi, kwa kufungua mfumo na kugusagusa vitu wakati taarifa zinapita. Leo hakuna mtu aliyegusa. Mstari wa kijani ulitembea kama umepakwa mafuta. Dzifa aliimba hadi nyimbo zikamwishia. Ebo akanunua waakye, wali wa maharage, wakala pamoja kwenye meza yangu.

Kwenye meza yangu!

Jumanne, 18 Juni

Sikwenda kazini na mbinu. Nilikwenda na usahaulifu. Zamu ya kuhakikisha jenereta lina mafuta ilikuwa yangu, na nikasahau kwa makusudi, kwa sababu anga lilikuwa jeusi, na mvua za Kumasi zikija umeme huaga.

Ukaaga. Saa tisa alasiri, mkupuo wa mwisho wa taarifa ukiwa katikati. Ofisi ikawa giza, mvua ikipiga mabati, wenzetu wote wako upande wa ghala. Dzifa na mimi tu.

Hakukasirika. Alisogeza kiti chake dirishani, akaanza kumenya karanga, nusu kwake nusu kwangu. Akaniuliza kama nimewahi kufika Keta. Nikasema bado. Akasema nyumba ya bibi yake ilichukuliwa na bahari, chumba baada ya chumba, na bibi aliendelea kufagia vile vilivyobaki. Akasema kazi yake ni kuhama tu, mji mpya kila baada ya miezi michache, na kila mara akizoea dirisha anaambiwa funga mizigo. Hili dirisha amelizoea, alisema. Kisha akaniangalia, akangoja.

Shajara, alingoja! Hata mimi nililiona hilo. Nikafungua mdomo. Nikamuuliza kama namba za simu za wateja ziwe na nafasi katikati au zishikane.

Akasema zishikane.

Umeme ukarudi. Nilitegemea angalau wiki ya kuanza upya, kama ulivyokuwa mfumo wa zamani. Kumbe huu ukikatika hukumbuka ulipoishia na kuendelea hapo hapo. Wamefikiria kila kitu, watu hawa. Ulimaliza kabla hajamaliza kumenya karanga ya mwisho.

Ijumaa, 21 Juni

Mfumo umewashwa. Hakuna kilichoharibika. Hata kimoja.

Madam alikata utepe uliofungwa kwenye kompyuta. Akasema tumemaliza bila kuchelewa hata saa moja, na katika hili kuna mtu wa kushukuriwa kuliko wote. Akanitaja. Watu wakanipigia makofi, Ebo akapiga kelele "Wofa Mfumo!", yaani Mjomba Mfumo; nadhani jina hilo litanikaa. Nilisimama pale nikipokea shukrani za kumfukuzisha mpenzi wangu.

Nilimbebea Dzifa begi mpaka stendi. Njiani akaniambia jambo ambalo bado halijanitoka. Mwezi uliopita aliwaandikia wakubwa zake kuomba abaki Kumasi mpaka Agosti, atufundishe polepole. Wakamjibu wataangalia kazi inavyokwenda. Wiki hii wameangalia. Wakaona orodha ya wateja imesafishwa mapema, jaribio limepita Jumamosi, mkupuo wa mwisho umepita mvuani. Wakasema Kumasi wana mtu hodari, hawahitaji mwalimu.

Alitaka kunitania, lakini hakucheka vizuri. "Umenifukuza kwa bidii yako, kaka Nsafoah. Nikadhani labda ndivyo unavyotaka."

Nilitaka kusema hapana. Nilitaka kusema baki, au nichukue na mimi, au chochote kile. Nikamwambia akae upande usiopigwa na jua.

Akachukua simu yangu mkononi, akaandika namba yake, akanirudishia. Akasema nimpigie Jumapili, akitoka kanisani. Akasema neno moja zaidi, akiwa tayari kwenye ngazi ya basi: si lazima niwe na sababu.

Nilibaki stendi muda mrefu baada ya basi kuondoka. Muuza maji aliniuliza kama nasafiri.

Jumapili, 23 Juni

Sikwenda kanisani, nisije nikachelewa kupiga.

Kanisa la kwao nadhani hutoka saa sita. Saa sita nikaiweka simu mezani. Nikaibonyeza namba, nikaifuta. Nikanyoa ndevu. Nikaibonyeza. Nitaanzaje? Habari za Accra? Kila mtu anajua habari za Accra. Nimpigie nimwambie kwamba meza ile haina mtu na mimi huendelea kusikiliza kama kuna anayeimba? Mtu atasema hivyo kwenye simu?

Ebo alipita nyumbani jioni. Nikamuuliza, kama mtu asiyejali, kama yeye ameshampigia Dzifa. Alinikodolea macho. Akasema yeye ana mchumba Cape Coast, harusi ni Desemba, na kwamba kila alipompelekea Dzifa chai, Dzifa alikuwa akimuuliza habari zangu: huyu jamaa ana mke? Ana mtu? Kwa nini haongei? "Nikamwambia wewe ni mpole. Kumbe we ni mjinga tu, ndugu yangu. Piga simu!"

Alipoondoka nilikaa na simu mpaka giza. Sikupiga. Mtu na heshima zake hapigi simu mikono mitupu.

Jumatatu, 24 Juni

Nimeamka na akili mpya. Kinachokosekana ni tatizo! Tatizo likiwepo, nina haki ya kumtafuta, naye ana wajibu wa kuja.

Asubuhi nikakosea nenosiri langu kwa makusudi, tena na tena, mpaka mfumo ukanifungia nje. Nikatuma ombi la msaada kwa wenye mfumo. Nikaandika hali ni mbaya, kazi imesimama, inafaa mtaalamu afike Kumasi haraka, ikiwezekana yule aliyekuwepo, kwa kuwa anaifahamu ofisi. Kisha nikaenda kufuta vumbi kwenye meza yake na kumwekea kiti dirishani.

Niliporudi, jibu lilikuwa limefika. Kumbe hawahitaji kusafiri. Wanaingia kwenye kompyuta yako kutoka huko huko waliko. Kishale kilikuwa kinatembea chenyewe kwenye skrini yangu, taratibu, kama mkono ninaoujua. Sikuthubutu kugusa kitu. Kikanifungulia, kikasimama kidogo, kikaandika:

"Tayari, kaka Nsafoah. Jana nilisubiri simu yako mpaka nikalala. Dzifa."

Kisha kishale kikatulia.

Nimeusoma ujumbe huo mara nyingi leo, na sasa nimeuelewa. Ametengeneza haraka mno. Maana yake tatizo lilikuwa dogo. Kesho nitaharibu kitu kikubwa zaidi.