Buyenzi Haina Kilima

Avenue ya tisa, Buyenzi
Bujumbura, 11 Machi 2002

Kwa Bwana Mkurugenzi,
Maktaba ya Wote, Bujumbura

YAHUSU: OMBI LA KUJENGEWA KILIMA

Mheshimiwa Bwana Mkurugenzi,

Nakuandikia kwa heshima zote zinazostahili kiti chako, nikitumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na jamaa zako wote, yaani maktaba nzima.

Mimi ni fundi magari, Mwislamu, mzaliwa wa Buyenzi kama baba yangu. Mwezi wa Januari binti yangu Hayat aliomba kazi kwenu, baada ya kuona tangazo mlangoni kwamba maktaba, kwa kuitikia wito wa amani na wa wafadhili, itaajiri watu wawili kutoka "pande zote za nchi na jamii zote za wananchi". Tangazo hilo tulilisoma nyumbani mara tatu, na mke wangu alitokwa na machozi. Sasa nina malalamiko, nami nimeyatia namba ili katibu wako, Bwana Zénon, asipate taabu ya kuyapanga.

1. Kuhusu kilima. Fomu yenu inauliza jina, mwaka wa kuzaliwa, diploma na kilima cha asili, kana kwamba kila Mrundi alizaliwa mlimani. Hamuulizi kabila, na kwa hilo nawasifu. Mnauliza kilima, kisha mnafunga mlango na kukisia kabila wenyewe. Hayat alijaza: Buyenzi, avenue ya tisa. Bibi Léoncie wa mapokezi akamrudishia karatasi: "Dada, Buyenzi haiko colline, iko quartier. Enda utafute colline yako, bila hiyo dosiye haiwezi kupita."

Tangu siku hiyo nimeuchunguza mtaa wetu, na Bibi Léoncie amesema kweli: ni quartier, mtaa wa mjini, si colline, si kilima. Ni tambarare kama sinia. Hata maji ya mvua hayajui yaelekee wapi. Babu yangu alipokuja kufungua duka hapa, hakuna aliyemtahadharisha kwamba angepaswa kutafuta mwinuko kwa ajili ya vitukuu wake.

2. Kuhusu mtihani. Faili la Hayat likisubiri kilima, aliruhusiwa kufanya mtihani, akawa wa kwanza kati ya watu thelathini na mmoja. Orodha ilibandikwa mlangoni, nikaisoma kwa miwani yangu mwenyewe. Siku mbili baadaye ikabandikwa nyingine. Humo wa kwanza amegeuka "dosiye haijatimia", na wa kumi na tisa na wa ishirini na sita wamegeuka wafanyakazi. Sina ugomvi na vijana hao. Mmoja kilima chake kiko kaskazini, mwingine kusini, na kwenye karatasi nchi imeenea vizuri sana.

3. Kuhusu kuenea huko. Mwezi uliopita maktaba ilifungwa siku nne. Mlangoni paliandikwa kwamba wafanyakazi wote wamefiwa na bibi yao. Wote, Bwana Mkurugenzi, wanane. Nilikuja msibani, mtaa wa Mutanga Sud, kutoa pole kama inavyompasa mtu, nikawakuta mmepanga mstari wa wafiwa, wewe mbele, mlinzi wa lango mwisho, na wale wapya wawili katikati. Hapo ndipo nilipouelewa mpango. Vilima vinane, bibi mmoja! Marehemu, Mungu amrehemu, alijaliwa wana wengi, na kila mmoja akajenga mkoa wake. Wafadhili wakija mnawaonyesha ramani ukutani yenye pini nane, nao wanaipiga picha. Hongereni. Pini zimetawanyika kweli.

4. Kuhusu vitabu. Kabla ya hayo yote Hayat alikuwa amejitolea kwenu miezi minane. Alikuta vitabu vyote vya Kiswahili vimewekwa kwenye rafu ya dini ya Kiislamu, pamoja na kile cha kufuga kuku na kile cha kutengeneza betri. Hakuna kati yenu aliyejisumbua kuvifungua, mkaamua kwamba lugha ya Waislamu lazima iwe inasema mambo ya Waislamu. Hayat akavitoa, akavipanga, akaviandikia kadi. Watoto wa Buyenzi wakaanza kuja, hata akina mama wa sokoni wakaja. Jumatatu nilipita kuangalia. Kuku wamerudi kwenye dini.

Nilikasirika, na nalisema wazi ili adabu ya barua hii isigeuke uongo. Vita vilipoanza mtoto huyu alikuwa na miaka kumi na mmoja. Shule ilipofungwa kwa sababu ya risasi, alisoma magazeti yaliyofungiwa maandazi. Kazi hii ndiyo kitu cha kwanza alichokitaka maishani kwa kinywa chake mwenyewe. Sasa anashinda barazani.

5. Kwa hiyo naomba Buyenzi ijengewe kilima. Sisi wakazi tutachangia udongo wa mitaro na vifusi vya nyumba zilizochomwa, ambavyo miaka hii havina upungufu mjini. Kikifika mita kumi, tume yako ije ikipime. Ikiwa hilo ni zito, basi Hayat aazimwe kimoja kati ya vile vinane, maana nimeambiwa baadhi yenu hamjawahi kuvikanyaga. Na ikiwa hilo nalo halifai, acheni kabisa kuajiri watu, ajirini vilima vyenyewe. Kilima hakiombi ruhusa, hakifiwi, na kikiwekwa kwenye meza ya mapokezi kitamjibu msomaji sawasawa na anavyojibiwa leo.

Mwaka wa 1995 nyumba yangu ililaza watu kumi na wanne waliokimbia mapigano, wa kabila hili na lile, kichwa cha huyu kwenye miguu ya yule. Hakuna aliyeulizwa anatoka kilima gani. Waliulizwa kama wamekula. Nalitaja hili kwa kujisifu kidogo, na naona nina haki.

Nasubiri jibu lako kabla ya mwezi kwisha. Nisalimie Bibi Léoncie, Bwana Zénon, mlinzi, na ukoo mzima uliobaki. Mke wangu anakusalimu, majirani wanakusalimu, na Buyenzi yote inakusalimu kutoka huku chini.

Wako mwenye heshima,
Anouar Sulemani
Fundi magari

Nyongeza baada ya saini: Barua hii nilimtamkia Hayat, naye akaiandika kwa mwandiko wake mzuri. Alipofika kwenye saini aliweka kalamu chini, akaniuliza kwa adabu habari za Télesphore, kijana aliyekuja gareji kwangu mwaka jana na diploma ya ufundi na barua ya mwalimu wake. Ni kweli nilimrudisha. Nilimwambia siwajui watu wa kwao. Ni kweli pia kwamba mafundi wangu saba ni watoto wa dada zangu, lakini injini, Bwana Mkurugenzi, ni jambo la kuaminiana, wewe mwenyewe utanielewa. Kisha akaniuliza juu yake mwenyewe, alipoomba akae gareji aandike kazi za wateja, kwa nini nilimwambia pale si mahali pa msichana. Nilimwambia achukue kalamu aandike nyongeza. Amekataa kuniandikia mistari hii, kwa hiyo mwandiko huu mbaya na madoa ya mafuta ni vyangu. Namba ya tatu, ile ya bibi mmoja, naomba uiruke.