Samaki Aliyekufa Kwenye Chupa ya Mafuta Yetu

Namlea, Kisiwa cha Buru

Kwa Mheshimiwa Bwana Mkaguzi wa Kemikali Hatari,
Bandarini, Uholanzi.

Assalamu alaikum, na kama salamu hii si ya kwenu, ipokee hivyo hivyo, haitozwi ushuru. U hali gani? Kifua kinakuachia kwenye baridi hiyo? Sisi huku wazima, tunamshukuru Mungu.

Mimi ni Wa Sanifa, mwenyekiti wa kina mama tunaochemsha majani ya mti wa kayu putih na kutoa mafuta ya kuchua. Kreti letu la kwanza kwenda ng'ambo umelizuia kwa kuwa chupa hazina lebo ya hatari, na umeandika kwamba mwezi ukiisha bila lebo litateketezwa, ukatuletea na mifano ya lebo na kifuniko. Humo mna kazi yetu ya msimu mzima, na mimi ndiye niliyewashawishi wenzangu. Sasa nikitokea wanapokaa, mazungumzo yanakatika. Kwa adabu zote, malalamiko yangu ni haya.

1. Picha ya samaki aliyekufa kando ya mti uliokauka. Bwana Mkaguzi, mafuta haya tunampaka mtoto tumboni akishaoga. Leo mama amfungulie mwanawe chupa yenye maiti? Na mti ndio uliotupa mafuta, nanyi mmeuchora umekauka. Mti umewakosea nini?

2. Kifuniko ambacho mtoto hawezi kukifungua. Mama mkwe wangu alipewa cha mfano, akakibonyeza na kukizungusha mpaka tumbo lililokuwa likimuuma likapoa lenyewe. "Siku Waholanzi walipokuja kubeba karafuu zetu," akasema, "mbona hawakutufundisha vifuniko?" Nimemkataza maneno hayo, ila nimeona ni haki uyasikie.

3. Pembetatu iliyotuna, eti iwaonye wasioona. Mkandaji wetu, La Mbaru, haoni. Alipoigusa akauliza chupa imeota jipu gani. Nikamweleza kuwa ni onyo. "Dada," akasema, "nimekanda nusu ya kisiwa kwa mafuta haya. Wagonjwa wangu wakisikia, utawakanda wewe?"

4. Namba ya simu ya wataalamu wa sumu. Watu ambao namba yao imo kwenye chupa yetu wameshakuwa ndugu, na si vizuri kukaa bila kuwajulia hali. Tukapiga, binti yangu Ramlia akitafsiri. Bwana aliyepokea akauliza nani amekunywa, na kiasi gani. Tukamwambia hakuna aliyekunywa, tunasalimia tu. Sauti yake ilijaa mafua, tukamshauri apake shingoni na kwenye nyayo, kisha avae soksi. Akasema hana ruhusa ya kutoa maoni. Mstaarabu, lakini anahitaji mke wa kumwangalia.

5. Mmeandika kwamba mafuta yanashika moto, yanadhuru yakimezwa na yanawasha ngozi. Kwa kipimo hicho, pilipili ya kusaga ya jirani yangu Wa Inda ipewe lebo zote tatu, na Wa Inda mwenyewe ya nne. Shahidi ni mumewe.

Kwa hiyo naomba samaki afutwe, achorwe mtoto aliyelala. Hilo likishindikana, kreti liachiwe lilivyo, nami nitaapa mbele ya imamu kwamba hakuna samaki aliyewahi kutulalamikia.

Wasalimie wakubwa wako, walinzi wa bandari, na yule bwana wa simu. Mungu akupe afya na nyumba yenye joto.

Ni mimi kwa heshima,
Wa Sanifa

Nyongeza: Barua ilikuwa haijafungwa. Ramlia alibandika lebo zenu za mfano kwenye chupa kadhaa, akazipanga gulioni pamoja na za kawaida, nipate kukuandikia jinsi watu walivyozikimbia. Zenye samaki ziliisha kabla jua halijawa kali. Za kawaida zimerudi zote. "Mama Ramlia," mteja mmoja akaniambia, "nipe yale yanayoua. Haya mengine kawapake watoto."

Basi tafadhali usinikubalie hata moja katika hayo ya juu. Lebo zote, kwa Kiholanzi kama ulivyotaka, zinakuja kwa ndege wiki hii, kreti usilichome. Wenzangu wameanza tena kunisemesha, na wanauliza tufanye nini ili tustahili ile picha ya fuvu. Nijibu upesi, gulio ni Jumamosi.