Mapipa Matatu ya Baba Mkwe

Pale ambapo wapita njia walisikia kelele za mashine, Injinia alisikia harusi yake.

Jina la Injinia alijipa mwenyewe, siku moja na vyeti vyake. Baba wa mchumba wake, mwenye tingatinga nne, alikuwa amemwambia waziwazi: "Binti yangu haolewi na maneno. Niletee mapipa matatu ya mafuta mapya ya haidroliki, nijue kweli una kazi." Maneno Injinia alikuwa nayo tele, mafuta hana hata kijiko. Na Injinia alimpenda kweli binti yule, hilo tusimnyime.

Sasa nyuma ya ukuta wa kiwanda cha mabeseni, mashine ilikuwa inaguna na kushtukashtuka. Injinia akanyoosha tai, akaingia.

Mwenye kiwanda, mkono wa birika asiyejificha, alisimama mbele ya mashine yake pekee, kajishika kichwa. Kando yake fundi wa mashine, mama mmoja mwenye ovaroli, alikuwa anafuta mikono.

"Pole sana, bosi," Injinia alisema kwa sauti ya matangani. "Mafuta yako ya haidroliki yamekufa. Chembe usiyoiona kwa macho inakula pampu, inakula vali, mwisho inakula kiwanda."

Akazima mashine, akafungua koki chini ya tangi, akakinga glasi. Yakatoka meusi ti. Matone ya kwanza ya koki iliyolala hutoka hivyo siku zote, kwa kuwa uchafu hutuama mdomoni mwake. Mafundi huyamwaga, wajanja huyakinga.

"Hufuti koki kwanza?" fundi aliuliza. "Na mashine umeizima? Sisi tunapima mafuta yakiwa ya moto, yanazunguka, tena tukishamwaga ya mwanzo."

"Hiyo elimu ya zamani, mama."

"Chujio ndilo limeziba. Jipya linafika leo jioni."

"Fundi, hebu mwache msomi aseme!" bosi alifoka.

Msomi akasema. Sumu ile angeibeba yeye mwenyewe, bure kabisa. Kusikia bure, bosi akasahau kuuliza inakwenda wapi. Fundi ndiye aliyeuliza.

"Mbali, mama. Kuna watu kazi yao ni kuyazika."

Fundi alimtazama usoni, kama mtu anayelinganisha sura na picha. Kisha akatabasamu. "Haya, mwanangu. Njoo kesho asubuhi, utayakuta kwenye mapipa."

Kesho yake akayakuta. Injinia alifungua kila pipa, akachovya kijiti juu, kikatoka kinang'aa. Roho yake ikatulia. Nyuma yake mashine ilikuwa inatema mabeseni kimya kimya. Mtu mwenye akili zake angejiuliza mashine isiyo na mafuta inaendaje, lakini Injinia alikuwa anapanga wageni wa meza kuu. Akapakia mapipa kwenye lori la kukodi. Bosi akampungia mkono, anacheka peke yake.

Alasiri mapipa yalishushwa uani kwa baba mkwe. Mchumba alikuwa dirishani, meno yote nje.

"Mapya, baba. Yametoka kiwandani leo leo."

"Vizuri. Mimi mafuta siyajui. Anayeyajua ni dada yangu."

Dada akatoka ndani na gauni la maua. Injinia aliitambua mikono kwanza, kisha uso wa fundi wa kiwandani.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu."

Shangazi alichukua mpira mwembamba unaoonyesha ndani, akauzamisha mpaka chini ya pipa, akaziba juu kwa kidole gumba, akauinua. Juu yalikaa mafuta, kimo cha kidole. Chini yake, maji ya kuoshea sakafu.

Baba mkwe aliutazama mpira, akamtazama Injinia. "Haya maji umeyatoa wapi?"

Injinia alipiga hesabu haraka. Akimtaja aliyempa, itabidi aeleze ameyabeba kwa hila gani. Akinyamaza, yeye ndiye aliyetia maji. Dirishani tabasamu lilikuwa limekwisha, na jambo hilo lilimuuma kuliko yote.

"Nimetapeliwa, baba," alisema kwa unyonge.

"Na nani?"

Shangazi alivuta kiti, akakaa karibu naye kabisa, akamshika bega.

"Mtaje tu, mwanangu," alisema kwa upole. "Hapa tuko familia."