Mlango Wenye Macho Mekundu

Jumatatu, 9 Juni

Nimemwangusha nesi.

Si kwa makusudi! Niliegesha mbele ya duka letu, nikafungua mlango wa gari kama binadamu yeyote, mara puu! Baiskeli. Ni yule nesi wa zahanati ya pale kona, anayepita kila asubuhi na kikapu mbele na kofia ya bluu kichwani. Aliupiga mlango, akaruka, akaangukia furushi la sponji za viti ambalo mke wangu alikuwa amelitoa nje. Bahati yake sisi tunauza mapambo ya magari. Tungekuwa tunauza vigae, sijui.

Nilipiga yowe. Yeye hakupiga. Akainuka, akajipangusa magoti, kisha akaja kunitazama mimi, maana mlango uliporudi ulinibana kidole. Akanifunga bandeji palepale. Watu waliokusanyika wakanipa pole, wakidhani mimi ndiye niliyegongwa. Sikuwasahihisha.

Gurudumu la mbele lilikuwa limejikunja. Shemeji akatoka gereji kwake, ng'ambo ya barabara, akalinyoosha kwa dakika kumi. Makofi! Shemeji ni mdogo wake mke wangu, fundi umeme wa magari, na ana kasoro moja tu: kila anachokigusa kinapona. Mtaa mzima humwita Dawa. Mimi huitwa Shemeji yake Dawa.

Kabla ya kuondoka nesi alisema huu ni mlango wa tatu tangu mwezi uanze. Akasema laiti milango ingekuwa na namna ya kumwonya mtu mapema.

Niliacha kulia. Kidole kikapoa chenyewe. Namna ya kumwonya mtu! Taa!

Jumanne, 10 Juni

Mpango ni huu. Taa nyekundu nje ya mlango, kwenye ukingo wa nyuma. Mlango ukifunguka, taa zinawaka na kuzima, zinawaka na kuzima. Aliye nyuma anaona, anakwepa, anafika kazini na magoti yake yote mawili.

Nikamweleza mke wangu. Alikuwa kwenye cherehani anashona vifuniko vya viti, pini mdomoni. Akauliza kama isingekuwa rahisi zaidi kutazama nyuma kabla ya kufungua. Nikamfafanulia kwamba kutazama hakuuziki dukani. Akaendelea kushona. Wenye maono huishi kwa upweke.

Halafu habari kubwa! Bibi Meneja wa kampuni ya teksi, mwenye magari arobaini barabara kuu, amepewa onyo na baraza la mji. Dereva wake mmoja tena akimfungulia mwendesha baiskeli mlango usoni, kituo chao kitahamishiwa nyuma ya ghala la saruji, mahali ambapo hata mbwa hapiti. Kwa hiyo anatafuta dawa ya milango. Jumamosi asubuhi, uwanjani kwake, atatazama chochote kitakacholetwa.

Nani aliyeniletea habari hii? Dawa mwenyewe! Alivuka barabara anacheka, akasema tushirikiane. Nikamwambia wiki hii nimebanwa, napanga mikeka ya sakafu kwa rangi. Fahari wawili hawakai zizi moja.

Nawaza siku hiyo watu wataniitaje. Si Shemeji wa mtu.

Jumatano, 11 Juni

Taa sita za nyuma za pikipiki, kutoka rafu ya juu. Waya mwembamba, ndio uliokuwepo. Nimechomelea, nimefunga, nimeunganisha na swichi ya mlango. Saa sita mchana kazi imekwisha.

Nikafungua mlango. Kimya. Nikafunga. Zikawaka!

Kinyume kidogo. Jambo la kurekebishwa. Lakini nilikuwa nahitaji skrubu, nikaona nitoke nazo hivyohivyo.

Ajabu! Barabara ilifunguka kama kitabu. Lori lilinipisha. Basi lilinipisha. Mzee mmoja kando ya njia alivua kofia. Nikapunga mkono, kwa upole, kama mtu aliyezoea. Nikauzunguka mzunguko mara tatu bila haja yoyote.

Mara ya nne trafiki alinisimamisha. Akauliza nimembeba nani. Nikasema sijambeba mtu. Akauliza basi taa ni za nini. Nikamweleza kwamba ni za usalama, mlango ukifunguliwa zinaonya walio nyuma. Akasema nimwoneshe. Nikafungua mlango. Zikazimika zote.

Akasema nirudi nyumbani, polepole, kwa njia za ndani, na nisisimame kuongea na mtu.

Alhamisi, 12 Juni

Betri imekufa. Nilisahau kuzitenganisha taa, nazo zikawaka mpaka zikaimaliza.

Dawa alikuja na nyaya za kuamshia bila kuitwa. Akainama, akatazama kazi yangu mara moja tu.

“Shemeji, umeunganisha kinyume.”

Nikamwambia najua, lilikuwa jaribio. Akabadilisha waya mbili, akafuta mikono. Dakika moja! Mlango wazi, taa. Mlango umefungwa, giza. Moyo uliruka kwa furaha na kuuma kwa wakati uleule, sijui kama hilo linatibika. Akasema wazo ni zuri sana na taa sita zinatosha, ila nisiongeze hata moja kwa sababu waya ni mwembamba. Nikamshukuru bila kufungua meno.

Halafu nikaona kitu. Nyuma yake, ng'ambo ya barabara, juu ya meza ya gereji, roli ya utepe mwekundu unaong'aa. Aha! Naye anakwenda Jumamosi!

Nikatoa kioo cha pembeni kwenye boksi, nikakaa nacho dirishani, nikampeleleza kwa kumpa mgongo. Anakata utepe kwa mkasi. Anaubandika kwenye ukingo wa mlango. Anasimama mbali, anautazama. Basi! Hakuna waya. Hakuna taa. Hakuna chochote! Nilicheka mpaka mke wangu akaja kuuliza kama nimemeza pini yake.

Ijumaa, 13 Juni

Sita zinatosha, ati. Zinamtosha nani? Dawa alitaka nibaki nyuma. Nimefikisha ishirini na nne.

Nimeongeza na honi, maana wapo wanaoendesha baiskeli huku wanawaza mambo yao.

Jaribio la kwanza saa nne asubuhi. Lo! Hata mimi nilishtuka, na nilikuwa nimejiandaa. Kinyozi wa jirani alimchorea mteja njia kichwani, kutoka utosini hadi kisogoni, ambayo haikuwa kwenye makubaliano. Wakaja wote wawili, mteja bado na shuka shingoni. Nikawaambia wameshuhudia historia. Mteja akasema yeye alikuja kunyolewa tu. Nikampa manukato ya kutundika garini. Hana gari.

Alasiri nikaenda zahanati kumwomba nesi awe shahidi wangu kesho: apite na baiskeli, mimi nifungue mlango, kila mtu aone. Alikuwa anamsafisha mgonjwa kidonda cha mguu. Akakubali kwa sharti moja, kwamba nijifunze kwanza kufungua mlango kwa mkono ulio mbali na mlango. Akakaa kwenye kiti akanionesha. Mkono wa mbali unapovuka kifua, kiwiliwili kinageuka chenyewe na macho yanakwenda nyuma, upende usipende.

“Mkono wa mbali, macho nyuma,” akasema. “Jaribu.”

Mgonjwa alijaribu pia. Akasema kumbe! Mimi nilisifu sana na kuahidi kufanya hivyo siku zote. Kisha nikatoka. Mkono! Taa utaifunga wapi kwenye mkono?

Jumamosi, 14 Juni

Naandika kwa mkono wenye harufu ya mpira ulioungua.

Tulikutana kwenye banda la kuegesha teksi, mahali penye kiza hata mchana. Madereva wamepanga mstari, Bibi Meneja ana daftari. Dawa alianza. Akafungua mlango wa gari lake, akaomba teksi iliyo nyuma iwashe taa. Ule utepe ukawaka mwekundu kutoka juu hadi chini, kama mtu aliyeuchora kwa moto. Bibi Meneja akauliza betri ikifa itakuwaje. Dawa akasema hauna betri. Akauliza ukibanduka. Dawa akasema unakata mwingine. Amemaliza! Hotuba yenyewe ndiyo hiyo.

Mimi nilikuwa nimeandika yangu. Nikaanza: “Mwenye macho haambiwi tazama!”

Bibi Meneja akasema hao arobaini wote wana macho, na ndiyo maana yuko pale. Madereva wakacheka. Nikaona niruke kurasa tatu. Nikampa nesi ishara aje. Akaja, kengele inalia, kofia ya bluu. Nikafungua mlango.

Taa ishirini na nne! Honi!

Nesi alisema baadaye kwamba hakuona mlango, hakuona gari, hakuona dunia. Aliona wekundu tu. Akajikinga macho kwa mkono mmoja, akakata kona, akanipita, akampita Bibi Meneja, akaingia kwenye kamba ambayo madereva walikuwa wameanikia sare zao. Alisimama salama upande wa pili, amevaa shati la dereva wa gari namba kumi na saba.

Ningeomba radhi, lakini nisingesikika. Honi haikuzimika. Nilifunga mlango, haikuzimika. Moshi ukaanza kutoka chini ya usukani, waya ule mwembamba. Nikaupulizia. Nadhani niliusaidia. Dawa akaja mbio, akafungua boneti, akang'oa waya wa betri.

Kimya.

Bibi Meneja akamuuliza nesi anaonaje, yeye ndiye mwenye magoti. Nesi, bado ndani ya shati, akasema taa moja ya mlango ni ukarimu, ishirini na nne ni ugomvi. Akasema utepe ni mzuri, uwekwe. Lakini si taa wala utepe utakaomgeuza dereva shingo. Akaingia kwenye teksi akawaonesha ule mkono wake. Bibi Meneja akaamuru kila mtu ajaribu. Madereva arobaini, kila mmoja ndani ya gari lake, wanavusha mkono na kutazama nyuma! Mmoja alisema ana miaka ishirini kazini na leo ndiyo kwanza ameona dirisha lake la nyuma ni chafu.

Uamuzi: utepe wa Dawa, na nesi atawafundisha madereva wote. Kwenye ukurasa wangu Bibi Meneja aliandika “hapana”, akaipigia mistari miwili. Niliisoma kichwa chini.

Dawa alinivuta kwa kamba hadi nyumbani. Tulipofika alikuja dirishani kwangu. Akasema alimwambia Bibi Meneja tangu mwanzo, kabla sijafika, kwamba wazo la kuufanya mlango uonekane ni langu. Yeye aliliondolea umeme tu. Akaniomba tubandike pamoja, kwa kuwa stika za dukani kwangu hazijawahi kuwa na kiputo hata kimoja.

Vumbi lilikuwa jingi. Niliinama nikatafuta skrubu ambayo haikuwa imepotea.

Jumatatu, 16 Juni

Milango mia moja na sitini! Dawa anakata, mimi nabandika. Na kusema kweli, hapa ananiachia. Utepe wake unapinda. Wangu umenyooka kama mstari wa daftari. Kufika mchana madereva walikuwa wananiita Fundi Utepe. Bibi Meneja alipitisha kidole kwenye mlango mmoja, akatafuta kiputo, akakikosa. Akasema asante. Kwangu! Dawa alikuwa kando yangu, na Bibi Meneja akaniambia mimi.

Jioni tulisimama barabara kuu kutazama. Teksi ikaegesha. Dereva akavusha mkono wa mbali, akageuka, akangoja. Nesi akapita na kikapu chake, akapiga kengele. Ndipo mlango ukafunguka, na ukingo wake mwekundu ukang'aa kwa taa za gari la nyuma. Hakuna kilichotokea. Tulikaa pale tukitazama hakuna kinachotokea kwa karibu nusu saa.

Mke wangu aliniletea maji, akasema nimefanya kazi nzuri. Bila pini mdomoni, kwa hiyo nilisikia vizuri.

Jumanne, 17 Juni

Sikumaliza chai. Kosa la utepe limenijia ghafla: unasema mlango ukiwa TAYARI umefunguka! Umechelewa! Onyo linatakiwa lije kabla.

Na ni nini kinachotangulia mlango? Makalio! Hakuna mtu anayeshuka garini bila kuyainua. Basi swichi ya kengele ya nyumba chini ya kiti. Uzito ukipungua tu, taa zinawaka mlango mzima, honi inapigwa, na dunia nzima inajua huyu yuko mbioni kushuka. Nashangaa hakuna aliyeliwaza hili.

Mke wangu akauliza itakuwaje gari likiruka kwenye mashimo. Nikamjibu kwamba mashimo ni kazi ya watu wa barabara. Kila mtu na lake.

Gari langu bado lina masizi, kwa hiyo nimefunga kwenye la Dawa. Ameniazima leo nipeleke mikeka kwa wateja. Viti vyote vinne. Sijamwambia, zawadi haitangazwi. Kesho asubuhi anampeleka Bibi Meneja kukagua barabara mpya ya teksi, ile ambayo bado haijatiwa lami.